Shajara ya mradi: maneno arobaini ya kampuni

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza. Kazi ni mwongozo wa maneno 40 ya sheria ya kampuni, fedha zake na utawala wake, wote kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu aliyeteuliwa kwenye bodi kwa mara ya kwanza na anayeona haya kuuliza. Tuko wawili. Mimi ni mhasibu, ndiye ninayeandika. Mwenzangu ni wakili, ndiye anayefuta. Tumekubaliana kila neno lipewe ukurasa mmoja, kila ukurasa uwe na kisa au hesabu, na tusielezee neno gumu kwa neno gumu zaidi.

Mpangilio ni wa alfabeti: akidi, amana, azimio, bodi, na kuendelea. Muda ni wiki nane.

Wiki ya 1, Alhamisi

Alfabeti imekufa siku ya nne. Niliandika akidi, nikajikuta nauliza: idadi ya watu wanaotosha kufanya kikao cha nani? Nikahamia azimio: uamuzi wa nani? Bodi: inamwongoza nani? Kila ukurasa unanirudisha kwa mtu ambaye bado sijamtambulisha. Wakili alisoma kurasa zote nne akaziweka kando. "Mhasibu, umeanza harusi bila bwana harusi."

Kwa hiyo tunaanza na kampuni yenyewe.

Wiki ya 2, Ijumaa

Wiki nzima imeliwa na neno moja: nafsi ya kisheria, yaani sheria kuihesabu kampuni kuwa mtu wa peke yake. Sijuti.

Kisa cha Aron Salomon nilikuwa nakijua kama wahasibu wengi wanavyokijua, mstari mmoja wa kujibia mtihani. Safari hii nilikaa nacho. Alikuwa mtengeneza viatu wa London. Mwaka 1892 aliiuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Sheria ya wakati ule ilitaka wanachama saba, basi wakawa yeye, mke wake na watoto watano. Mwisho wa hesabu yeye alishika hisa 20,001, na wale sita wakashika moja moja. Sehemu ya bei kampuni haikuilipa taslimu. Ilimpa hati ya deni ya pauni 10,000, yenye dhamana juu ya mali zake. Salomon akawa amevaa kofia mbili: mwanahisa mkubwa, na mdai mwenye dhamana.

Biashara haikuchukua muda ikaanguka. Kabla haijaanguka, alikuwa amejaribu kuiokoa kwa kuiweka hati yake ya deni rehani kwa mkopeshaji mwingine. Mali iliyobaki haikuwatosha wote, na mwenye dhamana hutangulia. Wadai wa kawaida wakabaki mikono mitupu. Mfilisi, aliyewekwa kukusanya mali ya kampuni na kulipa madeni yake, akasema kampuni hii ni kivuli tu, mwenye kivuli ni Salomon, basi alipe yeye. Jaji wa kwanza akakubali, mahakama ya rufani ikakubali. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likakataa kwa kauli moja: kampuni ikishaandikishwa kwa kufuata sheria ni mtu mwingine kabisa, na sheria haiulizi kama wanachama sita kati ya saba walikuja kujaza nafasi. Hisa moja inatosha kumfanya mtu mwanachama.

Tumebishana nusu saa juu ya mwaka. Mimi niliandika 1897, Wakili akaandika 1896. Kumbe hukumu ilisomwa Novemba 1896 na ikachapishwa kwenye ripoti za 1897, na kesi huitwa kwa mwaka wa ripoti. Tumeandika yote miwili, kila mmoja akaondoka na ushindi wake.

Lakini kisa cha Salomon kina hila yake: msomaji humaliza akidhani nafsi ya kisheria ni ujanja wa kumnufaisha mwenye kampuni. Nilihitaji kisa kinachokata upande wa pili, na Wakili alikuwa nacho mfukoni. Macaura alikuwa na miti kwenye ardhi yake Ireland ya Kaskazini. Mbao zake akaziuza kwa kampuni ambayo hisa zote zilikuwa zake yeye na wateule wake. Bima ya mbao akaikata kwa jina lake. Februari 1922 moto ukateketeza karibu mbao zote. Watoa bima wakakataa kulipa, na mwaka 1925 Malodi wakasema wana haki ya kukataa. Mbao zilikuwa za kampuni. Mwanahisa hana haki yoyote juu ya mbao, hata awe ndiye mwanahisa pekee. Alichokuwa nacho ni hisa, na hisa hazikuungua.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Nadhani ndiyo mwongozo wote.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nyongeza fupi. Wakili ameleta kisa cha tatu na nimekubali kuvunja sheria ya ukurasa mmoja. New Zealand, miaka ya 1950: rubani aitwaye Lee aliunda kampuni ya kumwaga mbolea mashambani kwa ndege. Kati ya hisa 3,000 alishika 2,999. Ni yeye mkurugenzi aliyetawala kila kitu, na ni yeye aliyeajiriwa na kampuni hiyohiyo kama rubani mkuu. Mwaka 1956 ndege ikaanguka, akafa kazini. Mjane akadai fidia ya mfanyakazi. Mahakama ya rufani ya huko ikamwambia hapana, mtu hawezi kujiajiri. Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani za New Zealand wakati ule, likageuza hukumu: Lee na kampuni ni watu wawili, na watu wawili wanaweza kuingia mkataba wa ajira. Mjane akalipwa.

Salomon, Macaura, Lee. Kanuni moja imemwokoa wa kwanza, imemwangusha wa pili, na imemfaa mjane wa wa tatu.

Wiki ya 3, Jumatano

Ukomo wa dhima. Hapa nilitarajia siku moja, nimetumia tatu, na kosa ni la lugha.

Niliandika: "Dhima ya kampuni ina kikomo." Wakili akaizungushia wino mwekundu. Dhima ya kampuni haina kikomo hata kidogo. Kampuni inadaiwa mpaka senti ya mwisho iliyo nayo. Chenye kikomo ni dhima ya mwanahisa: akishalipia hisa zake zote, mdai wa kampuni hana ruhusa ya kubisha hodi nyumbani kwake. Jina tunalolitumia kila siku, kampuni yenye dhima ya ukomo, ndilo linalopotosha.

Jambo hili halikuzaliwa pamoja na kampuni. Uingereza iliruhusu kampuni kuandikishwa kwa urahisi mwaka 1844, bila ukomo wowote; mwanahisa aliweza kufuatwa hadi kitandani. Ukomo ulikuja 1855, ukapanuliwa 1856, na wengi waliupinga wakisema utawalea walaghai. Napenda msomaji ajue kwamba miaka 11 ilipita kati ya hayo mawili. Nafsi ni jambo moja, ukomo ni jingine.

Wakili amenikumbusha niongeze onyo: pazia hili, linalomtenga mwanahisa na madeni ya kampuni, benki inalijua kuliko mtu yeyote. Kampuni changa ikiomba mkopo, benki humtaka mkurugenzi atie sahihi dhamana yake binafsi. Siku hiyo ukomo umeondoka kwa hiari, kwa kalamu. Nimeona watu waliosaini karatasi hiyo katikati ya rundo la karatasi nyingine bila kuisoma.

Je, mahakama hufunua pazia? Mara chache sana. Katika kesi ya Prest ya 2013, mke aliyetalikiwa alitaka nyumba zilizoandikishwa kwa majina ya kampuni za mumewe. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kulifunua pazia, lakini ikampa nyumba saba kwa njia nyingine: kampuni zilikuwa zimezishika kwa niaba ya mume tangu mwanzo. Yaani pazia lilibaki pale pale, ila nyumba hazikuwa nyuma yake.

Wiki ya 3, Jumapili

Sikupanga kuandika leo. Nimekuwa nikihesabu maneno katika rasimu. Neno "mmiliki" na ndugu zake, wenye kampuni, kampuni yake, kampuni yangu, yametokea mara 31. Karibu yote kwa mkono wangu mwenyewe, mhasibu wa miaka mingi, baada ya kuandika kurasa tatu za kueleza kwamba mbao si za Macaura.

Kiswahili kinasaidia kukosea. Kiambishi kimoja kidogo, -angu, na mali imehama mikono. "Nimechukua hela ya kampuni yangu." Anayesema hivyo haoni kosa lolote. Kila aliyewahi kufunga hesabu za mwisho wa mwaka anaijua sentensi hiyo na anajua kinachofuata: fedha zimetoka, hazikuwa mshahara, hazikuwa gawio, hazikuwa mkopo, na sasa mhasibu aombewe apate jina la kuziita.

Nimeamua neno "mmiliki" liondoke. Wakili anasema nitashindwa.

Wiki ya 4, Alhamisi

Wiki ya maneno yenye sura nyingi.

Mkurugenzi. Kwa matumizi ya kila siku, mkuu wa idara ni mkurugenzi: wa masoko, wa rasilimali watu, wa fedha. Kwa sheria ya kampuni, mkurugenzi ni aliye kwenye bodi. Mkurugenzi wa masoko anaweza asiwe mkurugenzi hata kidogo. Na mtu asiye na cheo chochote, ambaye bodi imezoea kufuata maagizo yake, anaweza kuhesabiwa kuwa mkurugenzi wa kivuli katika nchi zinazofuata desturi ya Uingereza. Tumeandika "mjumbe wa bodi" kila mahali palipo na hatari ya kuchanganya.

Mdhamini ni balaa zaidi. Anayeahidi kulipa deni la mwenzake ni mdhamini. Anayeshika mali kwa faida ya wengine ni mdhamini. Anayelipia jezi za timu naye ni mdhamini. Watatu hawa wanabeba mizigo tofauti kabisa, na ukimwambia mtu awe mdhamini bila kumweleza ni yupi, umemtega. Tumegawana: wa kwanza abaki mdhamini wa deni, wa pili awe mshika amana. Wa tatu hatuna kazi naye.

Amana nimeipenda. Wajibu mkubwa wa mjumbe wa bodi ni kwamba anashika kitu kisicho chake kwa faida ya mwingine, asijinufaishe nacho. Lugha nyingine zinalazimika kutumia maneno ya mahakamani. Sisi mtoto aliyepewa mzigo wa jirani aufikishe salama tayari anajua amana ni nini. Wakili alikubali bila kalamu nyekundu, jambo lililonitia wasiwasi mpaka jioni.

Wiki ya 5, Jumanne

Fedha. Nilidhani hapa nitateleza kama samaki majini. Ukurasa wa gawio umerudi ukiwa mwekundu wote.

Nilikuwa nimeandika kwamba kampuni ikipata faida, mwanahisa ana haki ya gawio. Si kweli. Mwanahisa wa kawaida ana haki ya gawio pale tu linapotangazwa kwa utaratibu wa katiba ya kampuni. Bodi inaweza kuibakiza faida yote ndani ya biashara mwaka baada ya mwaka. Kinyume chake pia: gawio lisitoke isipokuwa kwenye faida inayoruhusiwa kugawiwa, hata kama akaunti ya benki imefura. Pesa za mkopo mpya zikiingia leo, akaunti inafura, faida haijaongezeka hata chembe.

Sababu ya katazo hilo inarudi kule kwa Salomon. Kama mdai hawezi kumfuata mwanahisa nyumbani, kinga pekee aliyo nayo ni kwamba mtaji uliowekwa usirudishwe kinyemela kwa wanahisa. Mwaka 1887, katika kesi ya Trevor na Whitworth, Malodi walisema kampuni haiwezi hata kununua hisa zake yenyewe, kwa kuwa ni kurudisha mtaji kwa mlango wa nyuma. Sheria nyingi zimelegeza hilo tangu wakati huo, kwa masharti. Lakini mantiki haijafa: ukomo una bei, na bei yake ni mtaji kubaki ndani.

Wiki ya 5, Ijumaa

Ukurasa wa mkopo na hisa. Nimetumia hesabu badala ya kisa, nainakili hapa kwa sababu ndiyo ninayoionea fahari.

Biashara inahitaji 100. Mwaka mzuri inazalisha 12, mwaka mbaya 4, kabla ya riba, na kodi tuiache kando. Ikiwa 100 zote ni za wanahisa, wanapata asilimia 12 au asilimia 4. Sasa tuseme 50 ni za wanahisa na 50 ni mkopo wa riba ya asilimia 6, yaani 3 kwa mwaka. Mwaka mzuri wanabakiwa na 9 juu ya 50 zao: asilimia 18. Mwaka mbaya wanabakiwa na 1 juu ya 50: asilimia 2. Na kama mwaka ni mbaya kupita kiasi, biashara ikazalisha 2 tu, riba haijui hali: wamepoteza 1.

Mkopo haukubadilisha biashara hata kidogo. Ardhi, mashine na wateja ni wale wale. Umebadilisha mgawanyo wa baraka na balaa. Franco Modigliani na Merton Miller walilithibitisha jambo hili kwa hesabu mwaka 1958: katika soko lisilo na kodi, gharama za ufilisi wala msuguano mwingine, thamani ya kampuni haitegemei imechanganya vipi mkopo na hisa. Dunia ina kodi, na riba kwa kawaida hupunguza faida inayotozwa kodi ilhali gawio halipunguzi. Dunia ina ufilisi pia, nao hauji bure. Kwa hiyo mchanganyiko una maana, lakini msomaji sasa anajua maana hiyo inatoka wapi. Haitoki kwenye mkopo kuwa "nafuu". Mkopo unaonekana nafuu kwa sababu umemtwisha mwanahisa hatari zaidi, na mwanahisa mwenye akili hudai malipo zaidi kwa hatari hiyo.

Wakili alisoma, akauliza: "Na siku ya kufa nani analipwa kwanza?" Ndiyo tofauti yetu. Mimi naona mtiririko wa fedha, yeye anaona msiba. Tumeongeza aya: kwa jumla, mwenye dhamana juu ya kitu mahususi hutangulia, kisha gharama za ufilisi na madeni yaliyopewa upendeleo na sheria, kisha mwenye dhamana inayoelea juu ya mali zinazobadilikabadilika kama bidhaa za ghalani, kisha wadai wasio na dhamana, na mwisho kabisa wanahisa, wa upendeleo kabla ya wa kawaida. Kila nchi ina tofauti zake. Mwanahisa wa kawaida kuwa mwisho wa foleni ndiyo sababu ya yeye kupewa kura: cha juu ni chake, na hasara ya kwanza ni yake.

Wiki ya 6, Jumatatu

Upungufu wa hisa baada ya toleo jipya. Ukurasa mfupi. Una hisa 10 kati ya 100; zikitolewa nyingine 100 usinunue, una 10 kati ya 200. Idadi ile ile, sauti nusu. Ndiyo sababu ya mwanahisa kupewa haki ya kwanza ya kununua. Imetosha.

Wiki ya 6, Ijumaa

Wajibu wa wajumbe wa bodi. Tumegombana vizuri.

Kesi ya Regal ya 1942 ilinichoma. Kampuni yenye jumba la sinema mjini Hastings ilitaka kukodi majumba mengine mawili kupitia kampuni tanzu, yaani kampuni iliyo chini yake. Mwenye majumba akataka kampuni tanzu iwe na mtaji wa pauni 5,000 uliolipwa. Regal ilikuwa na uwezo wa 2,000 tu. Wajumbe wa bodi wakachanga wenyewe kununua sehemu ya hisa zilizobaki, mpango ukafanikiwa, baadaye wakaziuza kwa faida. Hakuna aliyeibiwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Malodi wakawaamuru wairudishe faida yote kwa kampuni, kwa kuwa nafasi ile waliipata kwa kuwa wajumbe, na hawakuomba idhini ya wanahisa.

Mimi nikasema ni ukatili, wameadhibiwa kwa kuiokoa kampuni. Wakili akanirudishia neno langu: "Amana ulilipenda wewe." Mtoto aliyepewa mzigo wa jirani haruhusiwi kuuuza njiani, hata kama jirani angefurahia bei. Wangeitisha mkutano wa wanahisa, wakaeleza, wakapigiwa kura, mambo yangeisha. Kosa lao halikuwa kununua. Walinyamaza.

Nimeandika ukurasa kwa msimamo wake. Bado nawaonea huruma.

Wajibu wa pili, uangalifu, una kisa cha Delaware, Marekani. Septemba 1980 bodi ya Trans Union iliidhinisha kuuzwa kwa kampuni kwa dola 55 kwa hisa, bei iliyokuwa juu ya bei ya soko. Kikao kilichukua kama saa mbili. Maelezo ya mkuu wa kampuni, Van Gorkom, yalichukua dakika 20, bila karatasi mezani. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Delaware ikasema wajumbe walizembea kupita kiasi. Kwa kawaida majaji wa huko hawaingilii uamuzi wa biashara, hata ukiwa mbaya, mradi umefikiwa kwa nia njema na kwa taarifa za kutosha. Bodi ile ilikosa sharti la taarifa. Ninawapendekezea wasomaji watu wazima jaribio hili: mara ya mwisho uliponyoosha mkono kwenye kikao, ulikuwa umeisoma karatasi?

Wiki ya 7, Jumatano

Swali lililobaki la wajibu: unatendewa nani? Jibu la msingi ni kampuni. Mjumbe aliyeteuliwa na mwanahisa mkubwa hamtumikii huyo aliyemteua. Na kampuni ikikosewa, wa kushtaki ni kampuni. Foss na Harbottle, 1843, wanahisa wawili wa kampuni moja ya Manchester waliambiwa hivyo. Lakini je, kama waliokosa ndio wanaoiongoza? Hapo sheria nyingi zimefungua kidirisha: mwanahisa mdogo anaweza, kwa ruhusa ya mahakama au kwa masharti, kushtaki kwa niaba ya kampuni. Akishinda, fedha zinaingia kampuni, si mfukoni mwake. Mbao za Macaura tena.

Kisha kesi ya Sequana, 2022. Kampuni tanzu ililipa kampuni mama gawio la euro milioni 135 mwaka 2009. Faida ya kugawa ilikuwepo, madeni yalikuwa yakilipwa. Ila nyuma kulikuwa na dhima ya kusafisha mto uliochafuliwa, ambayo hakuna aliyejua ukubwa wake. Miaka karibu kumi baadaye kampuni ikafilisika. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema: ndiyo, kampuni ikiwa imefilisika au iko ukingoni, bodi lazima izingatie maslahi ya wadai, lakini uwezekano tu wa kuja kufilisika siku moja hautoshi kuuamsha wajibu huo. Dai hilo likashindwa.

Hapa ndipo maneno yetu 40 yalipogusana yote mara moja: nafsi, ukomo, mtaji, gawio, foleni ya wadai, amana. Kampuni ikiwa na afya, hasara ya mwisho ni ya mwanahisa, basi bodi inapomfikiria yeye inaifikiria kampuni. Ikizama, fedha inayochezewa ni ya wadai. Nimeandika ukurasa huu usiku mmoja bila kufuta.

Wiki ya 8, Jumanne

Utawala wa kampuni. Nimejikuta sina hamu, na nitakiri kwa nini: ni eneo lenye maneno mengi mazuri, uwazi, uwajibikaji, maadili, ambayo yeyote anaweza kuyapigia makofi. Tafsiri niliyoichagua ni kavu, ya kamati ya Sir Adrian Cadbury ya Uingereza, 1992: mfumo wa kuongoza na kudhibiti kampuni. Kamati ile ilikuwa bado kazini wakati himaya ya Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, ilipoanguka, mifuko ya pensheni ya wafanyakazi ikiwa imekombwa. Pendekezo lililobaki na sisi ni kwamba mtu mmoja asiwe na madaraka yasiyo na kizuizi, na kwamba kampuni ifuate kanuni au ieleze kwa nini haikufuata. King IV, mwongozo wa utawala wa kampuni wa Afrika Kusini wa 2016, ulienda mbele kidogo: fuata, na ueleze umefuataje. Kipande cha "ueleze" ndicho hasa chenye meno. Kujaza visanduku kila mtu anaweza.

Wadau nimewapa nusu ukurasa, na Ujerumani nikaipa nusu nyingine: kwa sheria ya 1976, kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wafanyakazi nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi, ile inayowaangalia watendaji, huku kura ya kuvunja sare ikiwa ya mwenyekiti. Ni muundo, hauhubiri.

Wakili alitaka Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iwe ukurasa wa kwanza wa sehemu hii. Nimekubali. Kwenye karatasi bodi ile ilikuwa na kila kitu: wengi wakiwa si watendaji, na kamati ya ukaguzi ikiongozwa na profesa wa uhasibu. Bodi hiyohiyo iliweka kando kanuni zake za maadili ili mkuu wa fedha aendeshe ubia uliofanya biashara na kampuni aliyoitumikia. Kampuni iliomba ulinzi wa ufilisi Desemba 2001. Mgongano wa maslahi haukufichwa kwa bodi. Uliletwa mezani, ukapigiwa kura.

Wiki ya 10, Jumamosi

Tumechelewa wiki mbili. Wasomaji watano wa majaribio wamerudisha rasimu. Wanne wameshikwa na ukurasa wa mkopo na hisa. Mmoja amesema ukurasa wa nafsi ya kisheria umemnyima usingizi, kwa kuwa bima ya gari la kampuni ameikata kwa jina lake. Jumatatu anaibadilisha.

Kurasa ni 41. Ya ziada ni ya mdhamini wa deni, ambayo Wakili hakukubali iwe aya tu.

Leo nimepitisha msako wa mwisho wa neno "mmiliki". Kutoka 31 limebaki moja, kwenye ukurasa wa hisa: mwanahisa ni mmiliki wa hisa zake. Nilimpigia Wakili simu kuuliza kama tulifute nalo. Alisema liache hapo, hapo ni mahali pake.